Mafundi wa viwandani: mota "inakula" beringi za NU? Kabla hujalaumu grisi, soma herufi

Fundi_Mtikisiko (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi.

Leo shifti imetulia, kwa hiyo naleta kisa ambacho kilinitoa jasho na kunifundisha kusoma namba za beringi upya.

Tulikuwa na mota ya 132 kW, fremu 315, mizunguko 1,480 kwa dakika, inaendesha feni ya kuvuta vumbi. Miaka yote iliendesha kwa mikanda ya V na puli, na shida yake ilikuwa grisi na kubadili mikanda tu. Baadaye feni ikabadilishwa, mpya ikaja ya kufungwa na mota moja kwa moja kwa kopling. Kila mtu akafurahi, mikanda kwaheri.

Wiki ya saba beringi ya mbele ikaanza kupiga mluzi. Sisemi mngurumo, nasema mluzi, kama birika linalokaribia kuchemka. Ukiipa grisi inanyamaza saa mbili tatu, kisha inaanza upya. Tukafungua, tukaweka mpya ya namba ileile, NU 319, yaani ya rola za silinda. Haikumaliza miezi miwili. Lawama zikaanza kuzunguka: kwanza grisi, kisha stoo kwamba wamenunua feki, mwisho mimi kwamba sikulinganisha kopling vizuri. Nikarudia kulinganisha kwa dayo geji (saa ya kupimia vipimo vidogo) mbele ya mashahidi. Ilikuwa sawa.

Jibu lilikuwa kwenye ringi ya ndani. Haikuwa na mashimo ya uchovu wala ufa. Ilikuwa na mabaka ya kijivu yaliyopauka, yamevutwa kufuata mzunguko, ukipitisha ukucha unahisi mkwaruzo. Rola nazo zilikuwa na mabaka hayohayo. Beringi iliyozidiwa na mzigo haiachi alama za namna hiyo. Hizo zinaachwa na rola zinazoteleza badala ya kubingirika.

Beringi ile ilikuwa inakufa kwa kukosa mzigo.

Nieleze. Gololi inagusa njia yake kwenye kinukta. Rola ya silinda inagusa kwa mstari, urefu wake wote, ndiyo maana kwa ukubwa uleule inabeba mzigo wa pembeni (unaovuta shafti upande, si kwa urefu wake) mkubwa zaidi. Mkanda unapovuta puli, unavuta shafti upande mmoja kwa nguvu nyingi, na hapo rola ndiyo mahali pake. Ukiondoa mikanda na kuweka kopling, kinachobaki ni uzito wa rota, tena umegawanywa kwa beringi mbili. Rola zikifika upande usio na mzigo zinapoteza mwendo, zikirudi chini zinakuta ringi inakimbia kuliko zenyewe, zinaburutwa. Grisi inakatika, chuma kinapaka chuma.

Makadirio yanayotumika sana ni kwamba beringi ya rola inataka angalau asilimia 2 ya C, yaani uwezo wake ulioandikwa kwenye katalogi. Ya gololi inataka asilimia 1. Tuseme C ni kN 300: asilimia 2 ni kN 6, kama kilo 600 hivi. Rota ya mota yetu haikuwa na uzito huo hata nusu.

Dawa ilikuwa 6319 C3, ya gololi. Vipimo ni vilevile, 95 kwa 200 kwa 45, inaingia palepale. Ila kuna mtego, nitauandika chini kama kuna anayetaka.

Binti_Giaboksi

Mkuu mtego uandike sasa hivi, usitufanyie kama tamthilia 😄

Fundi_Mtikisiko

Haya dada. NU haina ukingo wowote kwenye ringi ya ndani. Shafti inaweza kuteleza kushoto na kulia ndani ya rola bila beringi kulalamika. Kwa hiyo kwenye mota yenye NU mbele, beringi ya nyuma, ile ya gololi, ndiyo imefungwa isisogee na ndiyo inayoshika shafti. Ukiweka 6319 mbele na kuibana na kava, sasa una beringi mbili zote zimeshika shafti. Chuma kinarefuka kama mikroni 12 kwa kila mita kwa kila digrii moja. Shafti ya mita moja ikipata joto digrii 40 zaidi ya bodi, inadai karibu nusu milimita. Isipopata pa kwenda inasukuma gololi kando, kwa urefu wa shafti, na unaua beringi zote mbili kwa mpigo.

Tulichofanya: nyuma tukaacha imefungwa, mbele tukapima hausingi kwa maikromita ya ndani kuhakikisha ringi ya nje inateleza kwa mkono, na kava tukaiachia nafasi. Tangu hapo mluzi hatujausikia.

Mla_Grisi

Huo uzi ningeupata mwaka juzi ningeokoa pesa. Naomba msaada kwenye herufi, maana stoo yetu ukisema "beringi ya rola ya 50" wanakuletea chochote chenye tundu.

Fundi_Mtikisiko

Kumbuka tu swali moja: kingo ziko wapi? Rola zinalindwa pembeni na kingo, na herufi inakuambia kingo zipo ringi gani.

NU: kingo mbili ringi ya nje, ya ndani iko wazi. N: kinyume chake, kingo mbili ndani, nje wazi. Zote mbili zinaruhusu shafti isogee pande zote, hazishiki mzigo wa kusukuma hata kidogo. NJ: mbili nje, moja ndani. Inazuia shafti upande mmoja, upande wa pili inaiachia. NUP: kama NJ lakini imeongezewa ringi bapa ya pembeni inayotoka, kwa hiyo inazuia pande zote mbili. Kuna pia ringi ya pembe inaitwa HJ. Ukiiongeza kwenye NJ, nayo inashika pande mbili.

Namba sasa. Chukua NU 2310 ECP C3. Tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa 5: 10 mara 5, tundu la mm 50. Hiyo inaanzia 04 kwenda juu. 23 ni familia ya upana na kipenyo. NU 310 ni 50 kwa 110 kwa 27, NU 2310 ni 50 kwa 110 kwa 40. Kwa hiyo stoo wakikwambia "ni ileile tu hii ina 2 mbele", huyo mtu usimwache peke yake na oda. E (hapa imeandikwa EC) ni muundo ulioongezewa nguvu. P ni keji (kile kinachotenganisha rola) ya plastiki ya poliamidi, na ukiona M ni keji ya shaba nyeupe iliyochongwa. J ni ya bati la chuma. C3 ni plei ya ndani, yaani nafasi kati ya rola na ringi, kubwa kuliko ya kawaida, na ile ya kawaida haiandikwi kitu.

Kaka_wa_Nondo

Naongezea kutoka upande wetu. Mimi niko kiwanda cha nondo. Kwenye stendi za kuviringisha chuma, shingo za rola kubwa mara nyingi zinakaa kwenye beringi za silinda za safu nne. Nne! Mzigo wa pembeni pale si wa dunia hii, na nafasi ya kipenyo ni ndogo, kwa hiyo wanaongeza safu. Hizo hazishiki msukumo wa kando kabisa, kazi hiyo anapewa beringi nyingine peke yake.

Uzuri wake ni kwamba zinaachana. Ringi ya ndani inabaki kwenye shingo ya rola, safu za rola na ringi ya nje zinabaki ndani ya choki, ile nyumba ya beringi. Wakati wa kubadili rola unachomoa choki kama droo ya kabati, unachomeka kwenye rola nyingine yenye ringi yake. Ingekuwa beringi isiyoachana tungelala pale.

Binti_Giaboksi

Mimi niko kwenye giaboksi, jina linasema. Kuna swali linanisumbua. Gia zetu ni za meno ya mshazari, zinasukuma shafti kando. Mbona nakuta NU kwenye shafti moja? Si umesema haishiki?

Fundi_Mtikisiko

Angalia jirani yake. Bila shaka kuna beringi nyembamba ya gololi pembeni, mara nyingi imeandikwa QJ, na ringi yake ya nje haigusi hausingi, ina upenyo kuzunguka. Ule upenyo usidhani ni uchakavu, umewekwa makusudi ili QJ ishike msukumo wa kando peke yake, na NU ibebe wa pembeni peke yake. Kila mmoja na kazi yake. Fundi mmoja (simtaji, tunasalimiana bado) aliona upenyo huo akazungushia shimu ya bati "kuondoa mchezo". QJ ikaanza kubeba mzigo usiokuwa wake na haikuchukua muda.

NJ na NUP zinaweza kushika msukumo kidogo, lakini fahamu zinavyofanya: kichwa cha rola kinasugua ukingo. Pale hakuna kubingirika, ni kusuguana, na filamu ya mafuta ndiyo kila kitu. Msukumo mkubwa wa kudumu, tafuta rola za koni.

Msukuma_Toroli

NJ ilishanifanya nionekane mjinga mbele ya bosi. Shafti yenye NJ mbili, moja kila upande, zinatakiwa zitazamane ili kila moja izuie upande wake. Mimi nikafunga zote zimeelekea upande mmoja. Kwa mkono inazunguka safi, hata nikapiga picha. Tumewasha, shafti ikatembea taratibu mpaka ikaanza kula kava. Mlio ule sitausahau. Kabla ya kufunga kava siku hizi nasukuma shafti kwa mkono pande zote mbili na dayo geji iko kwenye ncha. Isipogota, sifungi.

Mla_Grisi

😂😂 pole kaka. Mimi langu ni kwenye kutoa. Ringi ya ndani ya NU ikibaki kwenye shafti, pula haina pa kushika! Haina ukingo, iko laini kama bangili. Nyie mnatoaje?

Kaka_wa_Nondo

Wenye hela wana hita ya induksheni. Kuna pia ringi ya aluminiamu yenye mikono miwili, imechongwa kwa saizi hiyohiyo: unaipasha moto, unaivika juu ya ringi ya beringi, unabana, joto linahamia, ringi inaachia, unavuta yote pamoja. Dakika chache tu, shafti bado ya baridi. Wasio na vyote, grainda: kata mshazari mpaka karibu na shafti, acha utando mwembamba, malizia kwa patasi. Ukigusa shafti umejitafutia kazi nyingine ya siku tatu.

Mla_Grisi

Na kuingiza? Sisi tunatumia moto wa gesi.

Fundi_Mtikisiko

Acheni. Moto wa gesi unaipasha sehemu moja mpaka bluu wakati upande wa pili bado unashikika kwa mkono. Lengo ni kama digrii 110, na usivuke 125, juu ya hapo chuma chenyewe kinaanza kubadilika vipimo. Kama huna hita, karai la mafuta safi na kipimajoto linafanya kazi, ringi isikae chini kabisa, itundike kwa waya. Ukitumia hita ya induksheni hakikisha imeondoa usumaku mwishoni, la sivyo ringi itavuta chembe za chuma maisha yake yote.

Halafu kuna sehemu ambayo wengi wanaua beringi siku ya kwanza. Ringi ya ndani imeshakaa kwenye shafti, ringi ya nje na rola ziko kwenye kava ya mota. Sasa unaleta kava, inaning'inia kwenye winchi, unaisukuma. Rola ya chini inakwaruza njia ya ringi kama msumari kwenye kioo. Mikwaruzo inakaa kwa nafasi sawasawa, idadi yake ukihesabu inaendana na rola. Paka mafuta, nyanyua uzito, na zungusha shafti taratibu huku unaingiza. Kama unaweza, chonga mkono wa kuongozea wenye mdomo wa mteremko.

Stoo_Keeper_255

Mmetusema sana watu wa stoo, na mimi niseme. Fundi anakuja na ringi ya nje mkononi, anasema "nipe ya ndani tu, hii ya nje bado nzima". Nikimkatalia naonekana mbaya.

Fundi_Mtikisiko

Uko sahihi kabisa kumkatalia. Mfano hai: NU 210 ya muundo wa zamani, njia ya rola kwenye ringi ya ndani ni kipenyo cha mm 60.4. NU 210 ya muundo wa E ni 59.5. Tundu moja, nje vilevile 90, upana uleule 20. Ukichanganya, ama haiingii ama inacheza karibu milimita nzima. Beringi ni seti, muuzie seti.

Na mkuu, huko stoo, mota ya akiba msiiweke karibu na kompresa. Rola zikitikiswa bila kuzunguka zinachimba vijistari kwenye ringi, umbali wake sawa na nafasi ya rola. Zungusheni shafti kwa mkono kila baada ya miezi miwili mitatu, isirudi kukaa palepale. Wanaosafirisha mota zenye NU, shafti ifungwe kwa nguvu isicheze njiani.

Stoo_Keeper_255

Kuhusu feki je? Maana hapo ndipo tunapotukanwa.

Kaka_wa_Nondo

Feki zipo na zimepakiwa vizuri kuliko orijino. Mimi niliwahi kununua mahali, boksi linang'aa, ndani maandishi yamechongwa juu ya maandishi mengine yaliyosuguliwa. Ilikuwa beringi iliyotumika, imepigwa polishi. SKF wana programu ya simu ya kuhakiki, inaitwa SKF Authenticate, na Schaeffler wenye FAG na INA wana OriginCheck. Piga picha kabla hujalipa.

Ila tusijifiche nyuma ya feki. Kisa cha mleta mada beringi ilikuwa halali kabisa.

Mhandisi_Mstaafu

Vijana, nimesoma kwa furaha. Nina nyongeza tatu fupi, mkiniruhusu.

Msipende rola za silinda mahali ambapo shafti inapinda au misingi haiko sawa. Zinavumilia kupinda kwa dakika 3 hadi 4 za digrii, yaani kama milimita moja kwa mita. Zaidi ya hapo mzigo wote unahamia ncha moja ya rola. Puli za konveya, kwa mfano, ni mahali pa rola za pipa, familia ya 222 na ndugu zake.

Pili, mashine za zamani za kuchonga chuma. Kwenye spindo mtakuta NN 30 yenye K mwishoni, safu mbili, tundu lake ni la mteremko wa 1 kwa 12. Ukiisukuma juu ya mteremko ringi inatanuka na plei inaisha. Niliwahi kuona kijana akiikaza kama nati ya gurudumu la lori. Spindo ilipata moto kabla hajamaliza chai. Ile inakazwa kwa kupima, mikroni kwa mikroni.

Tatu, zile zisizo na keji, zimejaa rola tupu. Zinabeba sana lakini rola zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo ni za mwendo wa polepole. Puli za kamba za kreni, hapo ndipo penyewe. Msizipeleke kwenye mota.

Binti_Giaboksi

Shikamoo mzee. Asante sana kwa elimu.

Mhandisi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Na mikanda msiikaze kupita kiasi. Kwa rola, mzigo ukiongezeka mara mbili, maisha yanabaki karibu sehemu moja ya kumi.

Msukuma_Toroli

Kwa hiyo mkanda ukilegea inateleza, ukikazwa sana inakufa. Beringi hii ina kiburi.

Mla_Grisi

Grisi hamjasema kiasi!

Fundi_Mtikisiko

Hesabu ya haraka: kipenyo cha nje mara upana mara 0.005, jibu ni gramu. Kwa NU 319: 200 mara 45 mara 0.005, gramu 45. Pima bomba lako linatoa gramu ngapi kwa pampu moja, kila bomba lina tabia yake. Na muda wa kupaka kwa rola ni nusu ya ule wa gololi, kibao cha mota mara nyingi kinaonyesha. Mota ikiwa inaendeshwa na drivu ya kubadili mwendo na ukakuta ringi ina mistari kama mabati, hiyo grisi haiponyi. Ni umeme unapita kwenye beringi, huo ni uzi mwingine.

Mla_Grisi

Wakuu, nimerudi. Baada ya kusoma hapa nimeshuka chini na tochi. Ile pampu yetu namba 2 ambayo tunaibadilishia beringi ya mota kila robo mwaka: kibao kimeandikwa D-END (upande wa mbele, unaoendesha) NU 319 C3, na mbele yake kuna kopling. Nimeuliza wazee wa zamu, wanasema zamani mota ile ilikuwa kwenye kikasha cha mikanda kule krasha, ikahamishwa.

Kesho asubuhi naandika oda ya 6319 C3. Na maikromita ya ndani naazima wapi?

Fundi_Mtikisiko

Njoo inbox mkuu.